Hukumu ya Ulimi na Hukumu ya Jiko

Kulaumu ni kazi nyepesi. Haihitaji mtaji, haina uanagenzi, na aifanyaye aghalabu hupata wasikilizaji kabla hajapata ukweli. Kwa miaka mingi nimesoma mashairi ya watu na kuyatolea maoni, wala sikupata kujiuliza kwa moyo safi kama nilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Swali hilo halikunijia kitabuni. Lilinijia mezani, mbele ya sahani ya pilau mbaya, na ilinibidi nipike mara tatu nyumbani kwangu ndipo nikapata nusu ya jibu lake. Nataka kueleza hapa jinsi jambo hilo lilivyotukia, maana naona kuwa lililo kweli katika sufuria huenda likawa kweli katika diwani pia.

Mwalimu wangu wa zamani, mzee aliyenifundisha kusoma mashairi nilipokuwa mtoto, alikuja Dar es Salaam kutoka Tanga kwa matibabu ya macho. Siku moja kabla ya kurudi kwao nilitaka kumkirimu. Nilimpeleka katika hoteli moja ya mjini inayosifiwa kwa pilau, na njiani nilimwahidi kuwa atakula chakula atakachokwenda kukisimulia nyumbani. Pilau ililetwa. Rangi yake ilikuwa ya hudhurungi iliyokoza, na moshi wake ulipanda vizuri. Lakini tulipotia tonge kinywani, ahadi yangu ilivunjika. Wali ulikuwa na rangi bila ladha. Bizari ilikuwa na ukali bila manukato, nayo iliacha uchungu kooni. Na nyama ilikaa juu ya wali kama mgeni asiyejuana na wenyeji wake.

Nilikasirika, na hasira yangu haikutokana na chakula peke yake bali na aibu. Nilimwita mhudumu, nikasema kwa sauti iliyosikika meza tatu kwamba mpishi wao hajui kazi. Mhudumu alikwenda jikoni, na punde akatoka mpishi mwenyewe, mzee mwenye mvi, akijifuta mikono kwa kitambaa. Aliyasikiliza maneno yangu yote amesimama. Kisha alisema, "Samahani, bwana," akarudi alikotoka.

Mwalimu alikuwa akiendelea kula polepole. Alipomaliza alinawa mikono, akaniuliza, "Mwanangu, pilau hii ina kosa gani?"

Nilimjibu kuwa ni mbaya.

"Hilo nimelisikia," alisema, "na watu wa meza ile wamelisikia. Nakuuliza kosa lake ni lipi."

Sikuwa na jibu. Nilisema kitu juu ya bizari, nikasema kitu juu ya nyama, lakini yalikuwa maneno ya mtu anayetafuta mlango gizani. Mwalimu hakunisukuma zaidi. Alifanya nami kama alivyokuwa akifanya darasani zamani: mtoto aliposema kuwa shairi fulani si zuri, yeye hakubisha wala hakukubali, bali alimwamuru atie kidole juu ya ubeti ulioharibika. Asiyeweza kutia kidole aliambiwa akae. Siku ile, katika umri wangu huu, niliambiwa nikae.

Wahenga wamesema kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo tumezoea kuitumia kwa mambo mazuri: jahazi, nyumba, utenzi. Lakini hata kisichoelea kimeundwa. Chakula kibaya hakijitokezei chenyewe kama magugu. Kimepikwa na mikono, kwa mfuatano wa matendo, na katika mfuatano huo ipo hatua iliyokosewa. Anayetaka kuijua hatua hiyo hana budi kuufuata mfuatano wote.

Watu wengi wakila vibaya nje hurudi nyumbani wakapika chakula kile kile vizuri zaidi, wakajipongeza. Jambo hilo lafariji, lakini halifundishi. Kupika pilau nzuri baada ya kula mbaya ni sawa na kulijibu shairi bovu kwa shairi jingine: la pili laweza kuwa zuri, lakini halielezi la kwanza liliharibikia wapi. Kwa hiyo niliazimia jambo lililomchekesha mke wangu. Niliazimia kuipika pilau ile ile mbaya, nikiweza kuufikia ubaya wake kwa hiari yangu, ili nijue njia iliyoufikia.

Lazima nikiri kuwa kabla ya hapo sikuwahi kupika pilau. Nilikuwa nimeila tangu utotoni, katika arusi, Idi na hitima, na kwa sababu hiyo nilijiona mjuzi. Jumamosi ya kwanza nilitwaa kilo moja ya mchele, kilo moja ya nyama, vitunguu maji vitano, vitunguu saumu, tangawizi, na bizari zetu za kawaida: bizari nyembamba, ambayo ndiyo bizari ya pilau hasa, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Mke wangu alinipa sufuria, akatoka jikoni.

Kitunguu kilikuwa mwalimu wangu wa pili. Karibu sehemu tisa katika kumi za kitunguu ni maji, na maadamu maji hayo yamo, moto hautakigeuza rangi; utakichemsha tu. Maji yakiisha ndipo kitunguu huanza kuwa cha manjano, kisha cha dhahabu, kisha hudhurungi, na hapo mpishi asipoangalia huwa cheusi. Pilau ya pwani hupata rangi yake hapa, wala si kwenye bizari. Kwa vitunguu vitano kazi hiyo ilidai karibu nusu saa ya kusimama na kukoroga. Mimi nilichoka mapema, nikatia nyama vitunguu vikiwa vya manjano. Baadaye, nikihofu mchele usiive, niliongeza maji, na nikihofu usiungue, niliukoroga tena na tena. Pilau ilitoka nyeupe na laini mno. Watoto waliuliza kama ni bokoboko.

Nilipokuwa nikiila niliikumbuka ile ya hoteli, na kwa mara ya kwanza nikauona wema wake. Punje za pilau ile zilikuwa zimeachana, kila moja nzima na imesimama peke yake, ingawa ilipikwa katika sufuria kubwa ya kulisha watu wengi. Nilikuwa nimeila sifa hiyo bila ya kuiona, kwa kuwa nilikuwa nimeshika lawama mkononi, na mkono ulioshika kitu haushiki kingine.

Jumamosi ya pili nilijihadhari zaidi. Niliviacha vitunguu tena katika rangi ya manjano, maana nilikwisha kushuku kuwa mpishi wa hoteli naye alifanya hivyo. Vitunguu vya sufuria kubwa vyahitaji muda mrefu na mkaa mwingi. Lakini ikiwa vitunguu vyake havikukolea, rangi yake ilitoka wapi? Nilinunua bizari ya pakiti iliyokwisha kusagwa na kuchanganywa, nikatia vijiko viwili zaidi ya kiasi. Rangi ile ile ikaja, na uchungu ule ule wa kooni ukaja pamoja nayo. Karafuu na mdalasini uliosagwa, vikizidi, huchungua. Na bizari iliyosagwa muda mrefu hupoteza mafuta yake yenye manukato, kwa sababu mafuta hayo huruka hewani, ukabaki ukali wake. Hapo nilitia kidole juu ya ubeti wa kwanza.

Hata hivyo pilau yangu ilikuwa bado na utamu ambao ile haikuwa nao. Nilifikiri sana, kisha nikafanya jaribio. Niligawa nyama iliyochemshwa katika sufuria mbili. Katika ya kwanza nilipika mchele kwa supu ya nyama ile, kama ilivyo desturi. Katika ya pili niliutenga mchele na supu, nikaupika kwa maji matupu, na nyama nikaiweka juu mwishoni. Nilipoonja sufuria ya pili nilikuwa nimerudi hotelini. Wali wenye rangi bila ladha, na nyama kama mgeni asiyejuana na wenyeji: vyote vilikuwapo. Ni furaha ya ajabu kufaulu kupika kitu kibaya. Hakuna aliyekula, lakini nilikuwa nimejua.

Supu iliyobaki tuliinywa jioni kwa ndimu na pilipili, na ilikuwa nzuri mno. Bakuli likiwa bado mkononi, jambo jingine lilinifunukia. Katika mji huu, tangu alfajiri, hoteli nyingi huuza supu kwa chapati kwa watu wanaokwenda kazini. Mpishi apikaye supu asubuhi na pilau mchana ana nyama moja. Supu ikiuzwa kwa bakuli asubuhi, pilau ya mchana itapikwa kwa nini? Nyama ile inaweza kuuzwa mara mbili, lakini haiwezi kutoa utamu wake mara mbili.

Jumamosi ya tatu niliyarekebisha yote. Vitunguu nilivikaanga hadi vikawa hudhurungi, nikisimama kama mlinzi. Bizari nyembamba niliikaanga kavu kidogo, nikaitwanga saa ile ile katika kinu, na mdalasini, iliki na karafuu nikavitia vizima. Mchele niliuosha mpaka maji yakawa meupe kwa usafi, nikauroweka, nikaupika kwa supu ya nyama yake. Mwisho nilipunguza moto chini na kupalia makaa juu ya kifuniko. Ilikuwa pilau. Mke wangu alisema hivyo, naye si mtu wa kusifu ovyo. Lakini punje zake zilishikana hapa na pale, na katika jambo hilo mzee yule wa hotelini alikuwa angali amenishinda.

Yumkini msomaji atasema kuwa kuiga chakula cha watu katika jiko la nyumbani ni mchezo wa mtu mwenye nafasi. Mimi naona kuwa pilau yenyewe imefika kwetu kwa njia hiyo hiyo. Jina lake latokana na lugha ya Kiajemi. Pilipili manga asili yake ni pwani ya Malabar huko Bara Hindi. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, nayo ilipandwa Unguja na Pemba katika karne ya 19 hata ikawa zao kuu la visiwa hivyo. Huko Uajemi, namna moja kubwa ya kupika wali huo ni kuuchemsha kwanza, kuuchuja maji, kisha kuuivisha kwa mvuke. Watu wa pwani yetu walishika njia nyingine, ya kuupika mchele ndani ya supu ya nyama na kitunguu kilichokolea, mpaka supu yote imeingia katika punje. Walichokila kwa wengine walikipika upya majumbani mwao kwa vitu walivyokuwa navyo na kwa ulimi wao. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Kuiga kwa namna hiyo si wizi wala mchezo, ni kuelewa. Ndiyo maana pilau inapotengwa na supu yake haipungukiwi na pambo, bali hupungukiwa na jambo lililoifanya kuwa ya kwetu.

Sasa nirudi kwenye ukosoaji. Lipo shauri la zamani lisemalo kuwa mla chakula halazimiki kuwa mpishi, na msomaji halazimiki kuwa mshairi. Shauri hilo ni la kweli, nami silipingi. Aliyelipa fedha yake na kutia tonge kinywani ana haki kamili ya kusema kuwa limemchukiza. Ulimi wake ni shahidi wa kutosha. Hiyo ndiyo hukumu ya ulimi, na bila yake wapishi wote na washairi wote wangelala. Lakini hukumu hiyo ina mpaka. Yaweza kusema kuwa kitu ni kibaya. Haiwezi kusema kwa nini, na kwa sababu hiyo haiwezi kusema kosa ni la nani. Mambo hayo mawili ni ya hukumu ya jiko. Mimi nilikuwa na haki ya kusema kuwa pilau ile ni mbaya. Sikuwa na haki ya kusema kuwa mpishi hajui kazi. Nilichukua ushahidi wa mahakama moja nikatoa hukumu ya nyingine.

Nilipolitambua hilo, nilitazama maoni yangu ya zamani juu ya mashairi, na sikuyafurahia. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 alitupatia kipimo kilicho wazi cha vina na mizani, na wengi wetu tumekitumia kipimo hicho kama mla pilau atazamaye rangi. Shairi lenye mizani 16 katika kila mstari na vina visivyoteleza tumelisifu, ingawa lilipikwa kwa maji matupu. Na lile lililoteleza kina kimoja tumelitupa, ingawa supu yote ilikuwamo. Tena hatukuuliza ni mkono wa nani uliolifikisha kwetu. Tangu siku za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, mashairi mengi ya Kiswahili yamefika kwa wasomaji kwa njia ya magazeti, na katika gazeti nafasi ina mipaka yake na mhariri ana mkasi wake. Tenzi za kale zilipita mikononi mwa wanakili wa hati za Kiarabu, hati ambazo neno moja laweza kusomwa kwa njia zaidi ya moja. Beti zikikatika ghafula, au mstari ukikosa maana, huenda mtunzi hakukosa. Huenda supu yake iliuzwa asubuhi.

Sisemi haya ili kila kosa lipate wakili. Mtunzi mvivu ni mvivu, na mhariri hakumtuma aokoteze vina. Nasema tu kuwa mkosoaji asiyejaribu kuiunda upya kazi aisomayo, hata kichwani mwake, hatua kwa hatua, hana njia ya kutenganisha uvivu wa mtunzi na ubahili wa mtu mwingine. Na asiyeweza kutenganisha hayo atamwaibisha asiyestahili aibu, na mwenye kosa atakaa nyuma akihesabu fedha.

Baada ya Jumamosi ya tatu nilirudi kwenye hoteli ile peke yangu, wakati wa alasiri, watu walipokuwa wamepungua. Niliomba kumwona mpishi. Alitoka akijifuta mikono kama siku ile, na nadhani alinitambua, kwa kuwa alisimama mbali kidogo.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia.

"Marahaba."

Nilimwomba radhi kwa maneno yangu ya siku ile. Kisha nilimweleza kuwa nimejaribu mara tatu kuzipata punje zake na sikuzipata. Alinitazama kwa muda.

"Hilo hakuna aliyepata kuniambia," alisema.

Nilimwuliza juu ya supu. Aligeuka akatazama upande wa mezani pa fedha, akapunguza sauti. "Supu huisha saa tatu asubuhi, bwana. Mimi nikija kupika pilau hupewa nyama na maji." Nilipotaja vitunguu alicheka kidogo, akakubali kuwa huviharakisha, maana saa sita watu wamekwisha kaa. Bizari huletwa katika pakiti, hakuichagua yeye. Nilipokuwa nikiondoka aliniita. "Hizo punje," alisema, "acha mwiko. Maji yakianza kukauka, mwiko hauna kazi tena. Wewe bila shaka unakoroga."

Ilikuwa kweli, nilikuwa nikikoroga kwa hofu.

Usiku ule nilimwandikia mwalimu barua, nikijua kuwa mjukuu wake atamsomea. Nilimjibu swali lake kwa kuchelewa kwa majuma manne. Nilisema kuwa pilau ile ilikuwa na makosa matatu. La kitunguu lilikuwa la mpishi, naye amelikiri. La bizari lilikuwa la aliyeinunua. La supu, ambalo ni kubwa kuliko yote, lilikuwa la mwenye hoteli. Tena ilikuwa na sifa moja, nayo ilikuwa ya mpishi peke yake, na mimi sikuiona. Mwisho nilimwomba atakapokuja tena kuangaliwa macho asile mjini, bali aje nyumbani, nipike mimi, naye anionyeshe palipoharibika.